Chachage Seithy Loth Chachage

Chachage Seithy Loth Chachage (1955 – Julai 2006) alikuwa mwanasosholojia, mwandishi wa riwaya za Kiswahili na profesa wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam nchini Tanzania. Anajulikana kwa utafiti wake kuhusu wachimbaji wadogo wa madini, ardhi, misitu na mazingira ya pwani. Anajulikana pia kwa riwaya zake nne, hasa Makuadi wa Soko Huria (2002), inayohusu mgogoro wa mradi wa ufugaji wa kamba katika delta ya Mto Rufiji.

Jina lake huandikwa kwa namna mbalimbali: C.S.L. Chachage, Chachage S.L. Chachage au Seithy Chachage. Wote hao ni mtu mmoja. Anayetafuta vitabu vyake maktabani inampasa aangalie kila namna.

Maisha ya awali na elimu

Chachage alizaliwa mwaka 1955 huko Njombe, katika nyanda za juu za kusini. Wakati huo Tanganyika ilikuwa eneo la udhamini la Umoja wa Mataifa chini ya Uingereza. Njombe ilikuwa mojawapo ya sehemu ambako wanaume wengi waliondoka kwenda kuwa manamba, yaani vibarua wa mkataba, katika mashamba ya mkonge ya Tanga na Morogoro. Waliobaki nyumbani, wengi wao wanawake, ndio waliolima na kulea.

Alikuwa mtoto wa miaka sita Tanganyika ilipopata uhuru, na wa miaka kumi na miwili lilipotangazwa Azimio la Arusha mwaka 1967. Kizazi chake kilikulia ndani ya ahadi za Ujamaa. Vilevile kiliona jinsi ahadi hizo zilivyotekelezwa, ikiwa ni pamoja na kuhamishiwa kwa mamilioni ya wananchi katika vijiji vipya katika miaka ya 1970.

Alisoma Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kinachojulikana pia kama Mlimani. Baadaye alikwenda Uskoti, ambako alipata shahada ya uzamivu katika Chuo Kikuu cha Glasgow. Tasnifu yake ya mwaka 1986 ililinganisha itikadi ya Ujamaa na hali halisi ya Tanzania. Mwaka huohuo serikali ya Rais Ali Hassan Mwinyi ilifikia makubaliano na Shirika la Fedha la Kimataifa (IMF), na nchi ikaingia katika mpango wa kurekebisha uchumi. Shilingi ilishushwa thamani, biashara ikafunguliwa, na wawekezaji wa kigeni wakaanza kukaribishwa. Mambo hayo ndiyo aliyoyachunguza katika miaka ishirini iliyobaki ya maisha yake.

Mlimani na utafiti pamoja na wananchi

Chuo alichofundisha Chachage kilikuwa na historia ya pekee katika jambo hili. Mwalimu Paulo Freire kutoka Brazili alitembelea Dar es Salaam mwaka 1971. Katika miaka iliyofuata watafiti waliokuwa Tanzania, miongoni mwao Marja-Liisa Swantz kutoka Finland na Budd Hall wa Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima, walianza kutumia njia iliyokuja kuitwa utafiti shirikishi. Hoja yao ilikuwa kwamba mwanakijiji si kitu cha kupimwa na kuhesabiwa tu. Anaijua ardhi yake, anaweza kuuliza maswali yake mwenyewe, naye ana haki ya kupewa majibu. Mradi wa Jipemoyo ulioanza mwaka 1975 katika sehemu za magharibi ya Bagamoyo ulikuwa mmoja wa mifano ya mapema ya njia hiyo, na baadaye njia hiyo ikaenea sehemu nyingi za dunia.

Chachage aliirithi mada hiyo akiwa na mashaka. Kufikia miaka ya 1990 neno "ushirikishwaji" lilikuwa limeingia katika karibu kila andiko la mradi wa misaada. Wanakijiji waliitwa mkutanoni, wakaandikwa majina, wakapewa soda, na mradi ukaendelea kama ulivyopangwa. Katika maandishi yake Chachage alirudi mara kwa mara kwenye maswali matatu: nani anamiliki rasilimali, nani anaamua matumizi yake, na nani anabaki na hasara mambo yakiharibika. Bila kuyajibu hayo, aliona kwamba mazungumzo kuhusu kuhifadhi mazingira yanaweza kuwa njia nyingine tu ya kumwondoa mnyonge mahali pake.

Alifanya kazi katika Idara ya Sosholojia, akawa mkuu wake na hatimaye profesa. Hakuwa mtafiti wa dodoso peke yake. Alitumia historia ya uchumi, sheria na nyaraka za serikali, pamoja na maelezo ya watu wenyewe. Wanafunzi wanaozisoma kazi zake leo hukuta tarakimu za uzalishaji wa dhahabu zimekaa karibu na maelezo ya maisha ya mchimbaji shimoni.

Utafiti kuhusu wachimbaji wadogo

Kazi iliyompa jina kwanza nje ya Tanzania ilihusu madini. Mwaka 1993 Taasisi ya Nordiki ya Mambo ya Afrika, yenye makao Uppsala nchini Uswidi, ilichapisha ripoti juu ya uchimbaji madini na marekebisho ya uchumi katika Zimbabwe na Tanzania. Chachage aliiandika pamoja na Magnus Ericsson na Peter Gibbon, na sehemu yake ilihusu Tanzania. Miaka miwili baadaye alitoa sura ndefu zaidi katika kitabu kilichohaririwa na Gibbon. Kichwa cha sura hiyo kinageuza maneno ya Biblia kuhusu wapole watakaoirithi nchi: watairithi kweli, lakini haki ya kuchimba madini yake hawataipata.

Ili kuielewa hoja hiyo ni lazima kurudi nyuma kidogo. Wakati wa ukoloni dhahabu ilichimbwa Lupa katika wilaya ya Chunya, Geita na kwingineko, na mwaka 1940 almasi iligunduliwa Mwadui karibu na Shinyanga. Baada ya uhuru migodi mingi ya dhahabu ilifungwa, ule wa Geita ukiwa mmojawapo. Serikali iliunda Shirika la Madini la Taifa (STAMICO) mwaka 1972 na kutunga sheria mpya ya madini mwaka 1979. Uchumi ulipoanguka, watu walirudi kwenye mashimo ya zamani na kuchimba mapya kwa sururu, nyundo na tindo. Waliofika huko walikuwa wakulima waliokosa bei ya pamba, vijana waliomaliza shule bila kazi, na wafanyakazi waliopunguzwa. Mererani, yanakochimbwa madini ya tanzanite yaliyogunduliwa mwaka 1967, wachimbaji hao huitwa wanaapolo.

Mwishoni mwa miaka ya 1980 serikali ililegeza masharti na kuanza kununua dhahabu yao. Kwa muda mfupi mchimbaji mdogo aliyekuwa akiitwa mvamizi akawa mleta fedha za kigeni. Hata hivyo wengi hawakuwa na leseni ya eneo walilochimba. Mwenye leseni alikuwa mwingine, mara nyingi mtu wa mjini, na mchimbaji alipata mgao mdogo wa mawe yaliyotoka.

Hapa ndipo suala la mazingira linapoingia. Mchimbaji mdogo hutumia zebaki kukamata dhahabu. Mawe husagwa, huoshwa, na zebaki huchanganywa na mchanga mpaka ishikamane na chembe za dhahabu. Donge linalopatikana huchomwa motoni ili zebaki iruke na dhahabu ibaki. Moshi wake huvutwa na anayechoma na walio karibu naye, na mabaki huingia mitoni. Mashimo huachwa wazi, na miti hukatwa kwa ajili ya kuegemeza kuta za mashimo na kwa kuni. Uharibifu huo ni wa kweli, na Chachage hakuukana. Alichopinga ni kuueleza kana kwamba unatokana na ujinga wa wachimbaji. Mtu asiye na hakika kama atakuwapo mahali hapo mwezi ujao hana sababu ya kufukia shimo wala kupanda mti.

Mambo yaliyofuata yalizipa kazi hizo wasomaji wengi zaidi. Mwaka 1996 wachimbaji wadogo waliondolewa katika eneo la Bulyanhulu, wilayani Kahama wakati huo, ili kupisha mgodi mkubwa wa kampuni ya kigeni. Sheria ya Madini ya mwaka 1998 iliruhusu kampuni za kigeni kumiliki mgodi kwa asilimia 100, na mrabaha wa dhahabu uliwekwa asilimia 3. Ubishi kuhusu masharti hayo uliendelea kwa miaka mingi bungeni, magazetini na vijiweni.

Mazingira, misaada na siasa Zanzibar

Chachage alivuka pia kwenda Zanzibar. Kitabu chake cha Kiingereza kuhusu mazingira, misaada na siasa visiwani kilichapishwa na Dar es Salaam University Press mwaka 2000.

Zanzibar ilikuwa katika hali ya mpito. Bei ya karafuu ilikuwa imeanguka, na kuanzia katikati ya miaka ya 1980 serikali iligeukia utalii na wawekezaji. Fukwe za mashariki na kaskazini mwa Unguja, ambazo wenyeji walikuwa wakizitumia kuanika dagaa, kupweleza ngalawa na kuloweka makumbi, zilianza kupimwa kwa ajili ya hoteli. Wakati huohuo wafadhili walileta fedha za kusimamia ardhi, misitu na mazingira. Ikawa mkono mmoja unagawa ufuko na mwingine unaandika sera ya kuuhifadhi. Kwa mwanasosholojia hilo lilikuwa suala la nguvu za kisiasa kabla ya kuwa suala la kitaalamu, na ndivyo kichwa cha kitabu kinavyoonyesha.

Wananchi na usimamizi wa mazingira Dar es Salaam

Katika miaka hiyohiyo mjini Dar es Salaam swali la nani anaamua kuhusu mazingira lilifika mahakamani. Wakazi wa Tabata, kitongoji kilichoko magharibi mwa katikati ya jiji, walikuwa wakiishi na jalala kuu la jiji. Takataka zilichomwa hapo, moshi na harufu vikaingia majumbani, nzi wakajaa. Mwaka 1988 wakazi hao waliishtaki Halmashauri ya Jiji katika Mahakama Kuu, ikaamriwa kwamba jiji liache kumwaga taka Tabata na litafute mahali pasipohatarisha afya za watu. Halmashauri iliomba kuongezewa muda. Mwaka 1991 Jaji Lugakingira alikataa ombi jingine la namna hiyo. Alishangazwa na mamlaka ya umma kuja mahakamani kuomba ruhusa ya kuchafua mazingira, na akaihusisha hatari hiyo na haki ya kuishi iliyomo katika ibara ya 14 ya Katiba.

Malori yaligeuza njia. Taka zilipelekwa Kunduchi Mtongani, na huko nako wakazi walikwenda mahakamani na kushinda. Jalala likahamia Vingunguti, kisha Mtoni, na mwishowe Pugu Kinyamwezi. Mtu anayefuata safari ya jalala hilo ataona kwamba kila mara lilisogea kuelekea kwa watu wenye uwezo mdogo zaidi wa kulikataa, jambo ambalo hukumu za Tabata na Kunduchi hazikuweza kulizuia.

Kesi ya Tabata haikuwa ya Chachage. Hata hivyo ni sehemu ya mazingira ya kisiasa aliyofanyia kazi. Wakazi wa kawaida walikuwa wameonyesha kwamba uchafuzi unaweza kupingwa kwa sheria, na kwamba mamlaka ya umma inaweza kuwa ndiyo mchafuzi. Baraza la Taifa la Hifadhi ya Mazingira (NEMC) lilikuwapo tangu 1983, lakini lilikuwa chombo cha kushauri tu. Udhaifu wake ulionekana wazi zaidi katika jambo la Rufiji.

Mgogoro wa delta ya Rufiji

Mto Rufiji unaingia Bahari ya Hindi kusini mwa Dar es Salaam, mkabala na kisiwa cha Mafia. Delta yake ina msitu mkubwa wa mikoko, unaohesabiwa kuwa mkubwa kuliko yote ya mahali pamoja katika Afrika Mashariki. Kwa karne nyingi boriti za huko zilipakiwa majahazini kwenda Arabuni na Ghuba ya Uajemi. Mikoko hiyo imekuwa hifadhi ya serikali tangu enzi za Wajerumani. Wakazi wa visiwa vya delta hulima mpunga kwenye udongo unaoletwa na mafuriko, na huvua samaki na kamba. Kamba wachanga hukulia kati ya mizizi ya mikoko kabla ya kutoka baharini. Kwa sababu hiyo meli za kuvua kamba karibu na Rufiji hutegemea msitu ambao huenda manahodha wake hawajawahi kuutembelea.

Katika miaka ya 1990 kampuni ya African Fishing Company ilipendekeza kujenga huko mabwawa ya kufuga kamba katika eneo la hekta zipatazo 10,000. Ungekuwa mmoja wa miradi mikubwa kabisa ya aina hiyo duniani. Waliouunga mkono walizungumzia ajira, fedha za kigeni, barabara na umeme kwa sehemu iliyosahauliwa, na ahadi hizo hazikuwa jambo dogo kwa watu waliosafiri kutwa nzima kwa mtumbwi kumpeleka mgonjwa hospitali. Waliopinga walitaja nchi kama Thailand na Ecuador. Huko mikoko ilikatwa kwa ajili ya mabwawa ya kamba, na baadhi ya mabwawa yakaachwa baada ya miaka michache kutokana na magonjwa na maji kuharibika.

Wataalamu walioitwa na NEMC kupitia tathmini ya mradi walishauri ukataliwe. Hata hivyo mwaka 1997 Baraza la Mawaziri liliuidhinisha kwa masharti. Huo ulikuwa mwaka uleule ambapo Tanzania ilipitisha Sera ya Taifa ya Mazingira.

Wakazi wa delta hawakuwa na msimamo mmoja, na wengine waliupokea mradi. Lakini wengi waliuliza watalima wapi na watavua wapi. Ardhi waliyokaa ilihesabiwa kuwa hifadhi ya msitu, kwa hiyo kisheria waliweza kuambiwa kwamba si yao. Waandishi wa Chama cha Waandishi wa Habari za Mazingira Tanzania (JET) waliliandika jambo hili na kusaidia sauti za wakazi kufika Dar es Salaam. Wanasheria na wanataaluma wa Mlimani nao waliingia, na baadhi ya wakazi walifungua kesi Mahakama Kuu. Mradi ulicheleweshwa, na mwishowe mabwawa hayakujengwa.

Kwa Chachage, Rufiji ilikusanya mahali pamoja mambo aliyokuwa ameyaona kwenye machimbo na Zanzibar: rasilimali ya wengi inayotangazwa kuwa pori tupu, mtaalamu anayesikilizwa akikubali na kupuuzwa akikataa, na mwananchi anayeshirikishwa baada ya uamuzi kufanyika. Wengine waliandika ripoti na makala za kitaaluma kuhusu mgogoro huo. Yeye aliandika riwaya.

Riwaya

Chachage alianza kuandika hadithi kabla ya kuwa daktari wa falsafa. Sudi ya Yohana ilitoka mwaka 1981, Kivuli mwaka 1984, na Almasi za Bandia mwaka 1991. Iliyofuata ilichukua muongo mzima. Makuadi wa Soko Huria ilichapishwa na kampuni ya E&D ya Dar es Salaam mwaka 2002.

Jina la kitabu ni kali. Kuwadi ni mtu wa kati anayewaunganisha watu kwa ajili ya zinaa na kulipwa ujira wake. Chachage alilitumia kwa wale wanaoiunganisha mali ya nchi na mnunuzi wa kigeni: mwanasiasa, mshauri mwelekezi, mtaalamu wa kukodiwa, na hata msomi. Hakujitoa yeye na wenzake Mlimani katika lawama hiyo. Mishahara ya chuo ilipokuwa midogo, wahadhiri wengi waliishi kwa kazi za ushauri zilizolipwa na mashirika yaleyale waliyopaswa kuyachunguza.

Riwaya inachanganya hadithi na mambo yaliyotokea kweli. Historia ya pwani na ya Rufiji, siasa za soko huria na habari za mradi wa kamba zimeingizwa ndani yake kwa urefu ambao baadhi ya wahakiki wameuona kuwa mzito. Kuna kurasa ambapo mhadhiri humshinda msimulizi. Ni kasoro ya kweli, lakini inaeleweka ukizingatia mwandishi alikuwa anafanya nini. Karibu utafiti wote kuhusu mazingira ya Tanzania uliandikwa kwa Kiingereza, ukachapishwa Uppsala, Helsinki au London, na kuuzwa kwa bei ambayo mwalimu wa sekondari wa Utete asingeweza kuimudu. Kwa kuandika Kiswahili Chachage aliurudisha utafiti huo kwa watu waliouhusu, kwa lugha wanayogombania nayo mipaka ya mashamba yao. Wahakiki wa fasihi humweka pamoja na Euphrase Kezilahabi na Said Ahmed Mohamed miongoni mwa waandishi walioipa riwaya ya Kiswahili mzigo wa kuhoji dola baada ya uhuru, ingawa mtindo wake unatofautiana sana na wao.

Harakati za wanataaluma na usawa wa kijinsia

Chachage aliona kuwa mtafiti asiye huru hawezi kuwasaidia wananchi. Mwezi Aprili 1990 jumuiya za wanataaluma wa vyuo vya Tanzania zilitoa Azimio la Dar es Salaam kuhusu uhuru wa kitaaluma na wajibu wa wanataaluma kwa jamii. Mwezi uliofuata serikali ilikifunga Chuo Kikuu cha Dar es Salaam baada ya mgomo wa wanafunzi, na hakikufunguliwa mpaka mwaka 1991. Chachage aliandika juu ya mapambano hayo, na baadaye alikuwa mwenyekiti wa Jumuiya ya Wanataaluma wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam (UDASA). Alipinga mageuzi yaliyokigeuza chuo kuwa duka la kozi zinazouzika. Alihofu kwamba maarifa yasiyo na mnunuzi, kama yale kuhusu wavuvi na wachimbaji, yangekosa wa kuyafundisha.

Alishirikiana pia na Mtandao wa Jinsia Tanzania (TGNP), ulioanzishwa mwaka 1993. Mwaka 2003 yeye na Marjorie Mbilinyi walihariri kitabu cha Kiingereza kinachopinga uliberali mamboleo kwa mtazamo wa jinsia, demokrasia na maendeleo. Uhusiano na mazingira ni wa moja kwa moja: maji yakichafuka au kuni zikiwa mbali, anayelipa kwa saa zake ni mwanamke na binti yake, ilhali mkutano wa kijiji unaoamua kugawa ardhi huongozwa zaidi na wanaume.

Katika Afrika kwa jumla alijulikana kupitia Baraza la Maendeleo ya Utafiti wa Sayansi za Jamii Afrika (CODESRIA) lenye makao Dakar, Senegal, ambako alikuwa mjumbe wa Kamati Tendaji.

Kifo na yaliyofuata

Chachage alifariki ghafla jijini Dar es Salaam mwezi Julai 2006, akiwa na umri wa miaka 51. Alikuwa bado anafundisha, na kazi zake kadhaa zilichapishwa baada ya kifo chake.

Baadhi ya mambo aliyoyapigania yamebadilika, mengine nusu nusu. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, iliyopitishwa akiwa hai, ilifanya tathmini ya athari kwa mazingira kuwa lazima kisheria na kuipa NEMC nguvu ambayo haikuwa nayo wakati wa mgogoro wa Rufiji. Sheria ya Madini ya mwaka 1998 ilibadilishwa na ile ya mwaka 2010 iliyopandisha mrabaha wa dhahabu hadi asilimia 4, na marekebisho ya mwaka 2017 yaliupandisha hadi asilimia 6. Wachimbaji wadogo wametengewa maeneo katika mikoa kadhaa. Zebaki bado inatumika.

Jalala la Tabata limezungukwa na nyumba, na wakazi wengi wa sasa walihamia baada ya malori kuondoka. Delta ya Rufiji iliingizwa mwezi Oktoba 2004 katika orodha ya ardhi oevu zenye umuhimu wa kimataifa chini ya Mkataba wa Ramsar, pamoja na maeneo ya bahari ya Mafia na Kilwa. Sehemu za mikoko yake zimekatwa ili kulima mpunga, na mabishano kati ya wakulima hao na maofisa wa misitu yanaendelea.